Siku ya baiskeli Mjini: iwe ya bure, iwe ya polepole, na isiwe na mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie siku ya baiskeli ya Mji wa Zanzibar: Jumapili moja kila mwezi, kila mwenye baiskeli aje, bila kiingilio, bila fomu na bila mashindano. Waandishi wa barua hii ni mafundi na waendeshaji, kwa hiyo msomaji atuwie radhi tukizama zaidi kwenye spana na viraka kuliko kwenye hotuba.

Jambo lenyewe si geni duniani. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulianza mwaka 1974, na hadi leo kila Jumapili na kila sikukuu barabara zake zaidi ya kilomita 100 hufungwa kwa magari kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kigali, hapa kwa jirani, wana siku zao zisizo na magari tangu 2016. Sisi hatuombi hayo. Kuifunga Darajani asubuhi ni kumkatia riziki mchuuzi wa samaki na mwenye mkokoteni, na hakuna atakayetushukuru. Tunachoomba ni kidogo zaidi, na tutaonesha kwa hesabu kwamba hakuna barabara hata moja inayohitaji kufungwa.

Kwanza tumuondoe mgeni rasmi. Si dharau, ni jua. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya karibu saa 12 kamili na saa 12 na nusu na ushei, mwaka mzima. Msafara ukiondoka saa 12:40 asubuhi, saa 2:15 watu wamesharudi na wanakunywa chai. Ukimngoja mgeni hadi saa 3, halafu risala, halafu jibu la risala, watoto wataanza kupanda baiskeli wakati lami inachoma, na nusu yao watakuwa wamemaliza maji yao wakiwa wamesimama. Fulana za bure nazo zina gharama yake: anayezilipia hutaka bango, bango hutaka kupigwa picha, picha hutaka watu wapangwe. Tuziache. Na mashindano ndiyo yanayoua kabisa, kwa sababu wakishatangazwa washindi watatu, wale wengine tisini na saba hawarudi mwezi unaofuata.

Siku hii ni ya yule wa mwisho. Kila kitu, kuanzia mwendo hadi njia, kipangwe kwa kumtazama bibi mwenye baiskeli ya kapu au kijana wa skuli aliyeazima baiskeli ya mjomba wake inayomzidi kimo. Mwendo wao ni kilomita 12 kwa saa. Asiye na mita ya mwendo ahesabu hivi: baiskeli kubwa ya gurudumu la inchi 28, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, husogea kama mita tano na nusu kila pedali inapozunguka mara moja. Mguu wa kulia ukishuka mara 37 kwa dakika, hiyo ni 12. Au atazame saa tu: kilomita moja kwa dakika tano.

Sasa hesabu ya barabara. Watu wakienda wawili wawili, kila safu huchukua kama mita tatu na nusu ukihesabu na nafasi ya kushikia breki. Watu 20 ni safu 10, yaani mita 35, na hupita njia panda kwa sekunde 10 au 11. Watu 100 wakigawanywa makundi matano, na kati ya kundi na kundi pakaachwa mita 50 ili daladala ipate pa kujipenyeza, urefu wote haufiki mita 400. Msafara mzima unapita pahala pamoja kwa muda usiofika dakika mbili. Gari ya ng'ombe moja inazuia zaidi ya hapo. Barabara ikibana, kila mtu aingie nyuma ya mwenzake, na kiongozi apunguze mwendo kabla ya kufika pembamba, si akiwa keshaingia.

Makosa ya kiongozi ndiyo yanayowachosha wa nyuma. Msafara wa baiskeli ni kama kodiani ya taarabu, hujikunja na kujikunjua. Kiongozi akifunga breki kwenye kona, safu ya kwanza inapunguza kidogo, ya tano inapunguza zaidi, ya kumi inasimama kabisa. Kisha kiongozi anaondoka na 12 yake kama kawaida, na wa mwisho inambidi aende 20 ili amfikie. Kona kumi za namna hiyo na yule bibi hatukumuona tena. Dawa yake ni ndogo: baada ya kila kona na kila kusimama, kiongozi aende kama mtu anayekimbia taratibu kwa miguu, kilomita 8 kwa saa, mpaka aliye mkiani apige filimbi kwamba naye amepita. Filimbi moja ndefu. Ndipo arudi kwenye 12.

Watu kupotea njia ni tatizo jingine, na wengi hulitatua kwa kuweka walinzi kila njia panda halafu walinzi hao wakawakimbilia wenzao kwa kupita kulia katikati ya magari. Hatari tupu. Tunapendekeza utaratibu wa mtu wa pili. Nyuma ya kiongozi wa kundi la kwanza wapangwe watu kumi wenye vizibao vya kung'aa. Kila mkifika njia panda, aliye wa pili anashuka, anasimama kushoto mahali anapoonekana, ananyoosha mkono kuelekeza njia, na habanduki hapo mpaka mkia, yaani mtu wa mwisho wa msafara, amfikie. Halafu anapanda na kuingia mbele ya mkia. Wa tatu sasa amekuwa wa pili, naye atashuka njia panda inayofuata. Hakuna anayemkimbilia mtu, na hakuna anayelipita kundi. Vizibao vyote vikishakuwa nyuma, mmefika pa kupumzikia, mnawapanga upya mbele. Utaratibu huu huharibika kwa sababu moja tu: aliyesimama kuona msafara umekatika, akadhani wamekwisha, akaondoka. Kwa hiyo mkia avae rangi asiyoivaa mtu mwingine yeyote, na aliyesimama aambiwe amngoje huyo, hata ikichukua robo saa.

Njia. Tunapendekeza kuanzia viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa sababu pana nafasi ya kukagua baiskeli mia bila kumziba mtu mlango. Lakini kwenda wapi kutegemee upepo, kama ilivyo kwa jahazi. Miezi ya kaskazi, Disemba hadi katikati ya Machi, twende kaskazini: Barabara ya Mkapa kupitia Darajani, Kinazini, Saateni, Maruhubi hadi Mtoni, kisha turudi. Ni kama kilomita 11 kwenda na kurudi. Upepo unakuwa usoni wakati watu bado wana nguvu, na mgongoni wakati wa kurudi. Kusi likishika, kuanzia Juni hadi Septemba, tugeuze: Maisara, Kilimani, Migombani hadi Kiembesamaki. Anayepanga kinyume ataona watu wake wakienda kwa mbwembwe na kurudi wakisukuma. Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, tusipange kitu.

Njia ya Mtoni ina sifa nyingine. Ni tambarare, na si ajabu kwamba reli ya Bububu ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilifuata ukanda huohuo wa pwani. Anayetaka kuona historia atayaona magofu mawili kwa safari moja: Maruhubi, kasri ya Sayyid Barghash iliyoungua 1899, na Mtoni, alikozaliwa Binti Salme mwaka 1844. Wakati wa kwenda, kushoto kwetu ni upande wa pwani. Wakati wa kurudi, kushoto ni upande wa mitaa: gari zinazochomoza na watu wanaovuka kwenda dukani. Kwa hiyo vizibao vinane kati ya kumi vitumike kurudi. Waandaaji wengi hufanya kinyume, humaliza walinzi wakati wa kwenda kwa sababu ndipo wanapopigwa picha.

Ndani ya Mji Mkongwe msafara usiingie. Vichochoro vile ni vya mtu mmoja na vespa moja, na kila mlango una mtu anayetoka bila kutazama, kama ilivyo haki yake. Anayetaka kufika Forodhani baada ya safari ashuke na asukume.

Daladala nazo zina tabia zake. Gari za mbao za chai maharage abiria hushukia nyuma, yaani miguuni pa baiskeli yako. Ikisimama, kundi lote lisimame nyuma yake mita tano, lisimiminike upande wa kulia kuipita. Utingo akigonga bodi, inaondoka. Ni nusu dakika. Kwenye mizunguko, kila mtu abaki upande wa kushoto na asinyooshe shingo kutafuta njia ya mkato. Ng'ombe wa gari apigiwe kengele kutoka mbali, si akiwa ubavuni, maana akishtuka huvuta pembeni na gari ina upana wake.

Sasa tuje kwenye baiskeli zenyewe, kwa sababu kinachoharibu siku kama hii mara nyingi si magari. Ni pancha tano za kilomita ya kwanza.

Baiskeli za Unguja ni za makabila matatu. Kuna kubwa nyeusi za mtindo wa Phoenix, zenye breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fito badala ya waya. Kuna za mtumba kutoka Japani, zenye kapu mbele. Na kuna za gia, za matairi mapana. Kila kabila lina mpira wake, na hapo ndipo watu hutupa pesa. Tairi ikiandikwa 28, usinunue bado. Kuna 28 x 1½, ya ile baiskeli nyeusi, na ubavuni utaona namba 635. Kuna 28 nyingine, ya baiskeli nyembamba za Ulaya, namba yake 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, na hata ukiipiga nyundo haiingii. Za inchi 26 ni hivyohivyo: 26 x 1⅜ ya Japani ni 590, na 26 ya gia, inayoandikwa 1.95 au 2.10, ni 559. Soma ile namba ya tarakimu tatu, haidanganyi. Tyubu husamehe zaidi kidogo kuliko tairi, lakini usiilazimishe.

Halafu valvu. Baiskeli nyingi nyeusi na za Japani zina valvu ya kizamani, yenye kijiti cha chuma kilichovalishwa kijimpira kama utumbo wa kuku. Joto la hapa hukiozesha kijimpira hicho. Dalili yake: unajaza jioni, asubuhi tairi limelala, na ukiizamisha tyubu kwenye beseni huoni hewa ikitoka popote kwenye mpira wake. Watu hununua tyubu mpya, na tyubu haina kosa. Fungua nati ya valvu, chomoa kijiti, vua kijimpira kilichopasuka, lowesha kipya kwa mate, kivishe mpaka kifunike kile kitundu cha ubavuni, kata kisizidi, rudisha. Sentimita 10 za mpira huo hutoa vipande vinne. Fundi wa msafara aje na nusu mita, na atashangaa jinsi utakavyoisha.

Kiraka nacho kina adabu yake. Tyubu itolewe, ijazwe, ipitishwe majini, tundu liwekwe alama. Sugua kwa msasa eneo linalozidi kiraka pande zote. Paka solusheni nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo haraka inapomponza mtu. Kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi huteleza, na lami ikipata moto hubanduka ndani ya kilomita mbili. Ngoja dakika tano, mpaka ukigusa pembeni kwa kidole haivuti uzi. Bandika, kandamiza dakika moja. Na kabla ya kurudisha, pitisha vidole ndani ya tairi zima taratibu. Mwiba au kigae kilichotoboa mara ya kwanza mara nyingi bado kipo kinasubiri.

Breki. Zile za vyuma huminya ndani ya rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Barabara ikiwa na maji, kila mtu aanze kufunga breki mapema mara mbili ya kawaida, kwanza kwa kugusa tu ili mpira ufute maji, kisha kwa kuminya. Nafasi kati ya mpira na rimu iwe milimita 2 au 3. Ikizidi, mkono unafika kwenye usukani kabla ya baiskeli kusimama. Na kuna jambo ambalo wanaoazima baiskeli hawaambiwi. Za Japani na za asili ya Uingereza, mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Nyingi za mtumba kutoka bara la Ulaya, mkono wa kushoto ndio wa mbele, na baadhi hazina breki ya nyuma ya mkono kabisa: husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine, siku atakayoshtuka atabana ya mbele peke yake na kurushwa juu ya usukani. Anayeazimwa azunguke uwanja mara mbili kwanza, na asimame mara tano.

Cheni zetu huliwa na chumvi ya bahari. Usiimwagie oili chafu ya pikipiki ukaiacha inachuruzika. Mchanga hunata humo na cheni inageuka msasa, inakula meno. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikauke, weka tone moja kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha pedali kinyume mara ishirini, kisha ifute nje mpaka mkono usichafuke. Kujua kama imekwisha, ipime kwa rula. Vipande 24 vikiwa vizima hupata inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, hata friwili (gia ya meno ya gurudumu la nyuma) nayo imeshakwenda, na cheni mpya itaruka meno siku hiyohiyo. Ilegee sentimita moja au moja na nusu tu ukiipandisha na kuishusha kwa kidole. Na cheni ya baiskeli isiyo na gia ni nene kuliko ya gia, usichanganye.

Pedali ya kushoto hufungwa kinyume cha saa, na vijana wengi wameharibu krenki, yaani mkono wa pedali, kwa kutolijua hilo. Baiskeli nyeusi ikigonga "ko" mara moja kila mzunguko, kota pini, ile inayoishikilia krenki kwenye ekseli yake, imelegea. Kukaza nati peke yake hakusaidii. Nati hukatika meno na pini ikabaki palepale. Pini ipigwe nyundo kwanza ikae, upande wa pili wa krenki ukiwa umeegemezwa kitu kigumu, ndipo nati ikazwe taratibu.

Kwa hiyo fundi wawili wafike uwanjani saa 11:45 alfajiri, baada ya sala, na kila baiskeli ipite mikononi mwao kwa dakika moja: hewa, breki, cheni, nati za magurudumu, usukani. Kwa watu 100, mkoba uwe na spana namba 10, 13, 14 na 15, bisibisi, nyundo, mashine ya kukatia cheni, pampu tatu (moja ya valvu ya gari), viraka 30, solusheni nne, msasa, vyuma sita vya kutolea tairi, na tyubu nne za kila kipimo katika vile vya 635, 590 na 559. Njiani, kinachozidi dakika kumi hakitengenezwi. Baiskeli inapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinachofuata mkia, na mwenyewe anapanda nayo. Asionewe aibu na asitaniwe.

Mavazi tuseme wazi, maana tunataka mama zetu na dada zetu waje. Buibui na khanga haviharibu baiskeli. Kinachoharibu ni cheni isiyo na kava na gurudumu la nyuma lililo wazi. Kava la cheni lirudishwe, wengi wamelivua kwa sababu linapiga kelele, na kelele hiyo huisha kwa kukaza nati moja. Gurudumu la nyuma lifungwe kamba nyembamba kutoka tundu za matigadi hadi karibu na ekseli, kamba sita hadi nane kila upande, zikae kama mkeka. Baiskeli za Japani za mtindo wa kike, fremu yake imeshuka, hazihitaji mtu kunyanyua mguu. Kanzu na suruali pana zifungwe mpira wa kufungia noti mguu wa kulia. Mtoto wa chini ya miaka 12 aende na mtu mzima wake, na mtu mzima akae upande wa kulia wa mtoto, nyuma kidogo, ili awe kati ya mtoto na gari.

Maji kila mtu aje na lita moja yake katika chupa ya kurudi nayo nyumbani. Mwisho wa njia liwepo pipa la lita 40. Atakayelegea kwa joto alazwe kivulini na, akiweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja. Dafu pia ni zuri, ila mwenye madafu alipwe, tusianze kumuomba mchango.

Wenzetu wa Pemba watauliza na Chake je. Chake ni milima, na huko hesabu hii ya mwendo haishiki. Kwao tungeanza na ukaguzi wa breki na kuwakataza wenye breki za vyuma wasiteremke wakiwa wawili wawili. Mengine wanayajua kuliko sisi.

Tunachowaomba wakubwa ni mambo matatu. Baraza la Manispaa Mjini litoe ruhusa ya viwanja vya Mnazi Mmoja kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na Magharibi 'A' na 'B' wapewe nakala kwa sababu Mtoni na Kiembesamaki ziko kwao. Polisi wa usalama barabarani watoe askari wawili tu, mmoja Darajani na mmoja Kinazini, wa kusimamisha magari kwa hizo dakika mbili wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Na masheha wa shehia za njiani wapewe taarifa siku saba kabla, ili anayepanga harusi au kumwaga zege barabarani siku hiyo ajulikane mapema. Wakati wa Ramadhani tupumzike, na siku za Idi tusiviguse viwanja hivyo.

Vizibao kumi, filimbi mbili na mkoba wa spana vinaweza kupatikana kwa mafundi wa Ng'ambo wenyewe. Kirikuu ndicho bado. Mwenye nacho, ambaye Jumapili asubuhi kimelala tu, aje na mafuta ya kilomita 11.

Wako,
Mafundi na waendesha baiskeli,
Ng'ambo, Zanzibar